Risasi Mifupani: Metali Nzito na Ujauzito katika Historia ya Kitengela na Kajiado

Risasi, zebaki na kadimi, pamoja na aseniki ambayo huhesabiwa katika kundi hilohilo, hazina kazi yoyote inayojulikana katika ukuaji wa mtoto tumboni. Hata hivyo mwili huzipokea, kwa sababu zinafanana na vitu unavyovihitaji. Risasi hupita katika njia za kalsiamu na za madini ya chuma, na kadimi hujipenyeza mahali pa zinki. Mama mwenye upungufu wa madini hayo ya lazima hufyonza sumu zaidi kuliko mwenzake aliyeshiba, hata kama wote wawili wanaishi kiambo kimoja na kuvuta vumbi moja.

Kondo la nyuma, linalomlisha mtoto tumboni, huzuia vitu vingi, lakini haliizuii risasi. Huanza kupita karibu na wiki ya 12 ya mimba, na mtoto anapozaliwa damu ya kitovu chake huwa na kiasi kinachokaribia kile cha damu ya mama. Zebaki ya aina ya methili, inayopatikana katika samaki wa maji yaliyochafuliwa, hupita kwa wepesi zaidi, hata damu ya mtoto ikawa nayo nyingi kuliko ya mama. Aseniki nayo hupita. Kadimi hukwama kwa wingi kwenye kondo lenyewe, na huko hupunguza zinki inayomfikia mtoto.

Madhara yake yamechunguzwa kwa muda mrefu. Risasi huhusishwa na mimba kuharibika, shinikizo la damu la ujauzito, mtoto kuzaliwa njiti au na uzito pungufu, na ubongo kukua kwa shida. Zebaki hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu. Aseniki katika maji ya kunywa huhusishwa na mimba kutoka na watoto kuzaliwa wafu. Madhara ya ubongo ndiyo magumu kuyatambua, kwa kuwa mtoto huzaliwa akiwa na sura kamili, na kasoro hujitokeza baadaye akichelewa kuongea au akishindwa kutulia darasani.

Katika damu, risasi hupungua nusu kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mifupani hukaa miongo. Zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyo mwilini mwa mtu mzima imo katika mifupa yake. Mimba inapokua, mtoto hudai kalsiamu ya kujengea mifupa. Chakula kisipotosheleza, mwili wa mama huitoa mifupani mwake, na risasi iliyolala humo huamka na kutoka pamoja nayo. Msichana aliyecheza kwenye vumbi la karakana akiwa na miaka sita anaweza kumpitishia mtoto wake vumbi hilo akiwa na miaka ishirini na sita. Ndiyo maana historia ya mahali ina uzito katika jambo hili. Kila kilichoingia katika udongo, hewa na maji ya mahali hapo huwekwa akiba katika miili ya wanawake wake.

Kabla ya viwanda

Tambarare za Kitengela na Kaputiei, kusini mwa Nairobi, zilikuwa malisho ya Wamaasai na njia ya nyumbu na pundamilia waliohama kufuata mvua. Metali zilifika huko kwa biashara. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilileta shanga, seng'enge za chuma na nyaya za shaba, na msafiri Joseph Thomson, aliyepita Ngong mwaka 1883, aliwakuta wanawake wa Kimaasai wamevaa nyaya zilizozungushwa mikononi na miguuni kwa uzito wa kushangaza. Pambo la shaba la msokoto lililoning'inia masikioni lilimtambulisha mwanamke aliyeolewa.

Metali hiyo ilivaliwa. Haikuyeyushwa ikawa moshi wala kusagwa ikawa vumbi lililovutwa na kumezwa. Waya ulio juu ya ngozi hauingii damuni kwa kiasi cha kutisha. Hatari kubwa huja metali inapoyeyushwa, inaposagwa, inapopakwa kama rangi au inapochanganywa na mafuta, maana hapo ndipo inapopata njia ya mapafu na tumbo.

Wakati huo Ulaya ilikuwa imeshaiona hatari hiyo. Mwaka 1860 daktari Mfaransa Constantin Paul alichapisha hesabu ya mimba 123 katika familia za wafanyakazi wa risasi. Mimba 64 kati ya hizo ziliharibika. Mwaka 1898 Uingereza iliwazuia wanawake kufanya kazi za hatari zaidi katika viwanda vya rangi nyeupe ya risasi. Maarifa hayo hayakuandamana na bidhaa zilizoletwa Afrika Mashariki katika karne iliyofuata. Petroli, rangi na betri zilifika kwanza, na onyo likaja nyuma sana.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mikataba ya 1904 na 1911 na utawala wa Waingereza iliwasukuma Wamaasai kwenye hifadhi ya kusini, ambamo Kajiado imo. Mwaka 1911 iliundwa kampuni ya kuchimba magadi katika Ziwa Magadi, na reli ya kutoka Konza kwenda Magadi ikapita Kajiado, ambayo ikawa stesheni, soko na makao ya utawala. Baadaye machimbo ya mawe ya marumaru na ya chokaa yakafuata.

Tatizo la kale la maji ya eneo hilo ni floridi, ambayo si metali nzito. Hutoka kwenye miamba ya Bonde la Ufa, huingia visimani, na huacha alama ambayo kila mtu huiona: meno ya kahawia. Wenyeji wa Kajiado wamejua kwa vizazi kwamba maji yanaweza kubeba kitu kisichoonekana na kumwachia mtoto alama ya maisha. Risasi haiachi alama kama hiyo usoni mwa mtu, na kwa sababu hiyo haikupata jina wala tahadhari katika mazungumzo ya kila siku.

Malisho yanageuka mji

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, na mpaka wake wa kusini ukaachwa wazi ili wanyama waendelee kuhamia Kitengela. Ng'ambo ya tambarare, Athi River ilianza kuwa mji wa viwanda: Kenya Meat Commission, yenye kiwanda cha nyama, iliundwa mwaka 1950, na viwanda vya saruji vikafuata. Kitengela yenyewe ilibaki malisho. Sheria ya mwaka 1968 ya ardhi ya makundi iliwaandikisha Wamaasai katika ranchi za pamoja. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hatimiliki yake, na mashamba yakaanza kukatwa vipande na kuuzwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1990, Bunge lilipitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na eneo kubwa zaidi la aina hiyo likajengwa Athi River, kando ya barabara ya Namanga, hatua chache kutoka Kitengela. Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000, viwanda vya nguo vya eneo hilo viliajiri maelfu, na wengi wao walikuwa wanawake vijana waliotoka kila pembe ya nchi. Walipanga vyumba Kitengela, wakaolewa, wakazaa. Mji ukapanuka kwa kasi ambayo mabomba ya maji na mifereji ya majitaka haikuweza kuifuata. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 Kitengela. Ile ya 2019 ilihesabu 154,436. Katika miaka hiyohiyo Kaunti ya Kajiado ilitoka watu 687,312 hadi 1,117,840.

Kwa hiyo mji huu umekusanya mahali pamoja vitu viwili ambavyo kwingineko vilitenganishwa na umbali: kazi za metali na wanawake wa umri wa kuzaa. Wengi wao hawakukulia hapo. Kila mmoja alikuja na mifupa iliyojengwa kwingine, pengine kando ya barabara kuu ya Nairobi au karibu na jaa la taka.

Petroli, betri na vyungu

Chanzo cha kwanza kikubwa cha risasi kilikuwa petroli. Uwezo wa kiungo cha risasi wa kuzuia injini isigonge uligunduliwa Marekani mwaka 1921, na kwa miongo mingi kila gari lilikitoa katika moshi wake. Mwaka 1991 watafiti wa Kenya walichapisha vipimo vilivyoonyesha risasi katika udongo wa barabara za Nairobi na kisiwa cha Mombasa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa petroli hiyo, na Kenya iliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani, ilimaliza akiba yake mwaka 2021. Moshi ulikwisha, ila risasi iliyokwisha kutua haiozi. Hukaa katika tabaka la juu la udongo, na hukaa katika mifupa ya wale walioivuta wakiwa watoto, ambao leo ni akina mama wa miaka ishirini na thelathini na kitu.

Chanzo cha pili ni betri. Betri ya gari hubeba risasi ya kilo 10 hivi. Magari na matatu ya barabara ya Namanga huzihitaji, na nyumba za mashambani Kajiado, mbali na nguzo za umeme, zilizitumia kuhifadhi nguvu ya jua tangu paneli zilipoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980. Betri ikifa haitupwi, maana risasi yake ina bei. Mnunuzi wa vyuma kuukuu huipima kwa kilo. Penye karakana isiyo na kinga, hupasuliwa kwa shoka au panga, tindikali ikamwagwa chini, mabamba ya kijivu yakatolewa kwa mkono na kuyeyushwa juu ya moto wa makaa. Moshi huo huwa na utamu hafifu mdomoni. Fundi hurudi nyumbani na vumbi la kijivu kwenye pindo za suruali na nywele, mkewe mjamzito hufua ovaroli hiyo kwa mkono katika karai, na maji humwagwa uani ambapo watoto hutambaa. Mama anaweza kupata sumu kamili ya kiwanda bila kukanyaga kiwandani.

Biashara ya vyuma kuukuu ilipata sheria yake mwaka 2015, na Januari 2022 serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa baada ya milingoti ya umeme kuharibiwa. Sababu iliyotajwa ilikuwa wizi na hujuma. Vumbi, moshi na afya ya walio jirani na karakana havikupewa uzito uleule.

Vyanzo vingine ni vidogo, lakini vimo ndani ya nyumba. Vyungu vya alumini vinavyofuliwa na mafundi wa jua kali kutokana na mabaki ya injini na makopo vinaweza kuwa na risasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu vyungu vya aina hiyo kutoka Cameroon uliikuta ikitoka katika majaribio yaliyoiga upishi wa chakula chenye uchachu. Rangi za mafuta za milango na madirisha zilikuwa na risasi kwa miaka mingi kabla ya Kenya kuweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, ambazo zimepigwa marufuku nchini, bado huingia kwa magendo.

Mila za ujauzito

Desturi mbili za ujauzito hukutana na metali hizi. Ya kwanza ni kula udongo. Mawe laini ya kijivu au meupe, maarufu kama odowa, huuzwa kwa vipande sokoni na madukani katika miji mingi ya Kenya. Mjamzito huvunja kipande, akakilamba kwanza, kisha akakitafuna polepole kwa ajili ya harufu yake, ile ya mvua ya kwanza juu ya ardhi kavu. Tanzania udongo wa aina hiyo huitwa pemba. Desturi hii ni ya kale na imeenea. Katika utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998, wanawake 154 kati ya wajawazito 275 walisema hula udongo mara kwa mara. Geita, katika ukanda wa dhahabu wa Tanzania, utafiti wa 2014 uliwakuta 155 kati ya 340, na vipande vya pemba vilivyopimwa vilikuwa na aseniki, risasi na metali nyingine.

Hamu hiyo si upuuzi wala utovu wa adabu. Huambatana mara nyingi na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuzuia madini ya chuma ya chakula yasifyonzwe. Mama huingia katika mzunguko: damu pungufu huleta hamu ya udongo, udongo huzidisha upungufu, na upungufu huufungulia mwili mlango wa risasi. Kumkemea hakuvunji mzunguko huo. Vidonge vya madini ya chuma na chakula bora vina nafasi kubwa zaidi ya kuuvunja.

Desturi ya pili ni ya Wamaasai wenyewe. Watafiti waliochunguza mazoea ya ujauzito miongoni mwa Wamaasai wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliandika kwamba mjamzito hupunguza chakula, hasa miezi ya mwisho, ili mtoto awe mdogo na uzazi uwe mwepesi. Mahali ambapo hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima, mantiki ya akina bibi ilikuwa wazi, kwa kuwa mtoto mkubwa aliyekwama angeweza kumuua mama. Mila hii ilikua katika nchi isiyo na moshi wa betri. Ikihamia penye karakana hubadilika maana, kwa sababu mama anayepunguza maziwa na nyama hupunguza kalsiamu na madini ya chuma, na mifupa yake hulipa tofauti pamoja na chochote kilichohifadhiwa humo.

Owino Uhuru na Minamata

Tukio lililoifundisha Kenya hatari hii lilitokea Mombasa. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007 chini ya utaratibu uleule wa viwanda vya kuuza nje uliojenga eneo la Athi River, na kilifungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeajiriwa hapo mwaka 2009, alimuona mwanawe mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi. Aliacha kazi na kuanza kampeni iliyomletea tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Vipimo vya watoto vilivyochukuliwa baada ya kiwanda kufungwa viliwapa watoto wa Owino Uhuru wastani wa mikrogramu 7.4 za risasi kwa desilita ya damu, na wa kijiji jirani cha Bangladesh 3.7. Wakazi walisimulia mahakamani habari za mimba zilizoharibika na watoto waliofariki. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Uthibitisho kwamba sumu inaweza kumpita mama na kumshika mtoto ulikuwa umepatikana mapema zaidi nchini Japani. Huko Minamata, ambako ugonjwa wa zebaki uliripotiwa rasmi mwaka 1956, akina mama waliokuwa na dalili chache au bila dalili walizaa watoto waliolemaa. Madaktari walikuwa wamefundishwa kwamba kondo humkinga mtoto. Kilichosaidia kufuatilia ukweli ni mila: familia za Kijapani huhifadhi kipande kilichokauka cha kitovu cha mtoto katika kisanduku kidogo. Daktari Masazumi Harada alivikusanya vitovu hivyo, vikapimwa, na zebaki ikaonekana ikipanda na kushuka kufuatana na miaka ya uzalishaji wa kiwanda cha huko kilichoimwaga majini.

Sheria na kliniki

Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 ilizaa mamlaka ya usimamizi wa mazingira, NEMA, na kanuni za taka za 2006 zikaweka masharti ya taka za sumu. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na ndiyo iliyowabeba wakazi wa Owino Uhuru mahakamani. Tangu 2013 huduma za zahanati na vituo vya afya zimo mikononi mwa kaunti, kwa hiyo mjamzito wa Kitengela huhudumiwa na Kajiado ilhali sehemu kubwa ya viwanda vinavyomzunguka imo Machakos. Mpaka wa kaunti unapita kati ya kliniki na bomba la moshi, wala upepo haujui mpaka.

Kliniki ya wajawazito hupima damu, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI. Risasi haimo katika vipimo vya kawaida. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa 2021 unaelekeza kwamba mjamzito mwenye mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita atafutiwe chanzo na kuondolewa karibu nacho, na apewe kalsiamu kama chakula chake hakimtoshelezi.

Kutafuta chanzo si kazi ya mashine. Huanza kwa maswali ambayo muuguzi yeyote anaweza kuyauliza huku akijaza kijitabu cha mama na mtoto: mama anafanya kazi gani na mumewe anafanya nini, nguo za kazi hufuliwa wapi, maji na chungu cha jikoni vilitoka wapi, anakula odowa mara ngapi, na alikulia mtaa gani. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika kwa wepesi, ingawa majibu yake ndiyo yaliyomo mifupani.